Saa Uliyompa Mzee Hamadi

Sele mwanangu,

Assalaam aleikum. Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu aliye chumba cha pili, ninayemsikia akifunga zipu ya begi na kuifungua tena. Lakini nikija kukuambia kwa mdomo nitafoka, nawe utanuna, na baba yako mdogo ataingia kutupatanisha kabla hatujalifikia neno lenyewe. Kwa hiyo naandika. Barua nitaiweka juu ya begi lako, na nataka uisome kabla hatujapanda gari, si ukishafika angani.

Ya kula, kulala na kuvaa sikuandikii. Shangazi zako wamekuusia hayo tangu jana mpaka ukajifanya unaitwa nje. Mimi nina neno moja tu, nalo ni ile saa uliyompa Mzee Hamadi leo alasiri kule Kombani, tulipokwenda kumposa Mwanatumu, mpwa wake. Si saa ya kweli. Wewe unajua na mimi najua, na hakuna mwingine anayejua. Kesho asubuhi gari ya kukupeleka uwanja wa ndege itapita Kombani. Nataka ushuke, uende kwa mzee, umwambie.

Haya, nimelitoa. Sasa wacha nianze mbali, maana nikiendelea hivi nitaandika matusi.

Mimi si fundi saa, hilo unalijua. Mimi ni fundi cherehani, na nusu ya wahudumu wa hoteli za Diani wamevaa sare zilizopita mkononi mwangu. Saa ziliniingia kwa mlango wa nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza saa za bandia ufukweni aliniletea moja iliyosimama, kwa kuwa aliniona nina bisibisi ndogo na kibano. Aliniomba nimtilie betri tu. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa ndani kwa gundi. Hakikuwa na kazi yoyote ila kuifanya saa iwe nzito mkononi. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, nikamwuliza kama anajua. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, watu hununua uzito."

Ningemsikiliza vizuri siku ile ningejiepusha na mengi. Badala yake nikapenda. Sina neno jingine. Nilipenda kuona jinsi yale magurudumu madogo yanavyosukumana, na jinsi saa mbovu mbili zinavyoweza kuwa saa moja nzima ukiwa na subira. Nikaanza kununua mbovu zake. Huku nachukua akrabu za kuonyesha dakika, kule nachukua kioo, mashine yake ya kitoto naitupa, natia ya Kijapani ninayoagiza Mombasa. Mkebe wa biskuti ukajaa, nikatafuta mwingine. Kuna sare za hoteli moja zilichelewa kwa sababu nilikuwa nimeinamia saa badala ya cherehani, na kazi ile ikaenda kwa mtu mwingine wala haikurudi. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza kama nimemletea mume mwenza aliye ndani ya mkebe.

Hasira zangu unazijua. Saa zimezipunguza kidogo, usicheke. Kufungua saa ni kazi ya yeyote mwenye bisibisi. Kuifunga ndiko kunakokutoa jasho. Umeshamaliza, umebana kila kitu, unaigeuza kwenye mwanga, unaona unywele mmoja umelala chini ya kioo. Lazima ufungue tena. Ya kwanza niliitupa ukutani. Ya pili niliuacha unywele humo humo nikajiambia hakuna atakayeuona, na kwa mwezi mzima kila nilipoangalia wakati niliuona ule unywele, wakati wenyewe siuoni. Ya tatu nilifungua.

Nilizozipenda zaidi ni zile nilizofuta jina la kiwanda. Unakumbuka ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, shangazi yako alipokuwa akiitafuta nyumba nzima? Nilikuwa nikichovya kijiti nakisugua taratibu juu ya uso wa saa mpaka jina la uongo linaondoka, unabaki weupe mtupu na akrabu zake. Nilikuwa nikiziona nzuri mno. Lakini ukimpa mtu anaigeuza, anakurudishia. Mmoja aliniuliza kama nimeiokota, mbona haina wenyewe.

Basi nami nikaacha kufuta. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, kwa sababu sitaki kujifanya mwema. Nilikuwa naona utamu. Kuna meneja mmoja aliyekuwa akijua saa, au akijidai anajua, alinishika mkono siku nimepeleka sare, akaniuliza nimeipata wapi saa ya thamani vile. Nikasema ni zawadi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani. Si fedha niliyoitaka kwake. Nilitaka aendelee kuamini, na mimi niendelee kujua. Utamu ule nimeuona usoni mwako leo, Sele, na ndiyo sababu sikuweza kula.

Kisa cha mjomba wako Rashidi unakijua, kwa vile kila mtu anakijua kuanzia Ukunda mpaka Msambweni. Lakini ulikuwa mdogo, na wanaokisimulia husimulia kicheko cha mwenye duka na kumaliza hapo. Wacha nikusimulie mimi niliyekuwamo.

Rashidi alipomposa Fatuma wa Msambweni, mahari yalipatikana. Kilichokosekana ni kilemba cha mjomba. Mjomba wa Fatuma, Mzee Omari, ndiye aliyemlea tangu mchanga, na alikuwa na haki ya kutunzwa kitu kinachoonekana. Rashidi alikuja kwangu uso umemshuka. Nikamtolea saa niliyoiunda mwenyewe, nzuri kuliko zote wakati ule, ina jina kubwa usoni. Nikamwambia, "Mpe tu. Usiseme kitu."

Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Sikusema uongo, nilinyamaza. Aliyesema ni mtu mwingine kabisa, mmoja wa wazee wa upande wetu, aliyeiona akapiga mluzi na kutangaza kuwa saa hiyo ni sawa na shamba la minazi. Baraza zima likakubali. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia saa yangu ikigeuka shamba. Nikajiambia, mimi simo, nani kanisikia nikisema? Mzee Omari akaifunga kwenye kitambaa. Hakuivaa hata siku moja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, Sele. Ndoa ikatulia, Fatuma akawa ndugu yangu, tukawa tunashonea pamoja. Nikasahau. Kisha Mzee Omari akapata kidonda mguuni, na kwa kuwa ana sukari kikakataa kupona. Wanawe wakamwambia auze mbuzi aende hospitali kubwa. Akakataa. Aliwaambia mbuzi ni wa kuzaa, waacheni, mimi nina akiba yangu, ikizidi nitaitoa. Kidonda kikazidi naye bado anasubiri kizidi zaidi, maana mtu hatoi shamba kwa jambo dogo. Siku alipoifungua ile saa kwenye kitambaa, mwanawe akaenda nayo Mombasa. Mwenye duka aliifungua nyuma, akaangalia, akawaita wenzake waje waone. Alisema ni kazi safi sana ya mtu wa mikono mizuri. Kisha akataja bei, na mtoto wa watu akarudi nyumbani na saa yake.

Walipouza mbuzi na kufika hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari hakusema kama wangefika mapema ungepona. Sikumwuliza. Niliogopa atanijibu.

Fatuma alirudi kwao. Hakugombana nami, hakunitukana, alikusanya vitambaa vyake tu. Rashidi alihamia Mackinnon Road kufunga maturubai ya malori, na hata msiba wa baba yako alikuja akazika akaondoka bila kunywa maji ndani ya nyumba yangu. Huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilikwenda kumtaka radhi Mzee Omari. Ilinichukua muda kupata ujasiri, na nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, miguu imefunikwa kwa leso. Nikasema yote, nikalia, akaniacha nimalize. Kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama yalivyonikaa masikioni mpaka leo: "Mejumaa, saa ilikuwa nzuri. Ungeniambia ni ya pambo, ningeivaa kila Ijumaa watu wanionee gere. Na mguu ningeutibu kwa mbuzi."

Alinisamehe. Aliniambia hivyo, na alikuwa mtu wa dini, naamini alikuwa anasema kweli. Lakini elewa alichonifundisha. Hakulia kwa sababu saa ni ya bandia. Angeipokea. Kilichomuumiza ni kwamba aliiegemea. Mimi nilipoitoa sikujua kama ataiegemea, na lini, na kwa uzito gani, wala sikuwa na njia ya kujua. Uongo wa mdomo unaweza kuukimbilia ukausahihisha. Ule niliompa ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la mtu mwingine, na ulikuwa ukienda vizuri kwa sababu mashine yake niliichagua mwenyewe.

Sasa turudi kwako.

Saa uliyoitengeneza ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuitengeneza mimi. Nakuambia hili bila kinyongo. Mwezi uliopita uliponiomba nikusaidie kukaza akrabu ya sekunde, niliiangalia ikiteleza bila kurukaruka, nikajivunia. Nilidhani ni ya mkono wako. Nilisema moyoni, mwanangu ataingia Muscat amevaa kazi yake mwenyewe. Hukuniambia kwamba umeshaitafutia kisanduku na kadi yake.

Leo nilikaa na wanawake chumba cha ndani, mlango wazi. Athumani, baba yako mdogo, alizungumza vizuri, haki yake nampa. Aliposema tumeleta kishika uchumba na kukutazama wewe ukitoe, nilidhani ni pete. Ukatoa kile kisanduku. Nilikitambua hata kabla hakijafunguliwa, sijui vipi. Mzee Hamadi akaichukua saa, akaipeleka sikioni, akaigeuza, akakuuliza, "Ni yenyewe hii?"

Mzee alikuuliza, Sele. Mimi hakuna aliyeniuliza, na hilo ndilo nililojificha nyuma yake miaka yote. Wewe umeulizwa mbele ya watu, ukajibu, "Ni yenyewe, mzee. Niliinunua kwa mgeni wa hotelini aliyekuwa akirudi kwao."

Ikasomwa Fatiha. Vigelegele vikapigwa, na cha kwanza kilikuwa changu. Kilinitoka kwa mazoea tu, Mwanatumu amenishika mkono anacheka. Kwa hiyo nikikukaripia usidhani nimesimama mahali pasafi. Nimenyamaza tena, mara ya pili katika maisha yangu, na safari hii nilikuwa najua mwisho wake.

Njiani tukirudi uliniinamia ukaninong'oneza, ili Athumani asisikie, kwamba hii haitajulikana. "Hata wewe usingeijua, mama." Kweli, ningeikuta dukani ningedanganyika. Ukasema tena kuwa mwaka haupiti utakuwa umenunua ya kweli kwa mshahara wa Muscat, utarudi, utazibadilisha usiku mmoja, na hakuna atakayeumia. Ulikuwa umelipanga. Nilikujibu kwa kusonya tu. Jibu langu ni hili: kidonda cha Mzee Omari hakikungoja mtu arudi. Mzee Hamadi ana mashamba, ana wajukuu, ana meno mabovu na kesi ya mpaka na jirani yake. Unajua wewe atakaloliwekea dhamana ile saa mwezi ujao? Unajua atamwonyesha nani? Na siku atakapoirudisha mezani mbele ya Mwanatumu, wewe utakuwa unatengeneza viyoyozi vya watu nchi nyingine, huwezi hata kumshika mkono.

Tena si lazima ijulikane ndipo ikutese. Fikiri hakuna anayeijua kabisa. Utaoa, utakaa na mke wako, na kila ukienda Kombani utaangalia mkono wa mjomba wake. Nimekueleza habari za ule unywele.

Najua kwa nini ulifanya. Usidhani sijui. Yule mwenye duka la Ukunda alipotuma posa kwa Mzee Hamadi ulipoteza usingizi, ukakonda, ukawa unajibu salamu kwa kichwa. Mzee alisema atakungoja akiona una kitu mkononi, na wewe mkononi hukuwa na kitu ila tiketi iliyolipwa na wanaokuajiri. Uliogopa kumkosa Mwanatumu. Mimi mwenyewe nampenda yule binti, ana ulimi wa kunitosha, na ananicheka usoni jambo ambalo wengi hawathubutu.

Kwa hiyo sikufichi: ukimwambia kweli, unaweza kumkosa. Mzee Hamadi ana hasira za karibu. Anaweza kukurudishia kisanduku chako pale pale na kumwita mwenye duka kabla ndege yako haijaruka. Naogopa hilo, mwanangu. Nimekaa hapa naogopa, kwa sababu nikiwa nimekosea ni mimi niliyekuvunjia uchumba wako, na utaondoka ukinichukia, na mtu akiwa mbali chuki huwa haina wa kuipunguza. Ninaye Rashidi mmoja tayari. Wa pili sijui nitambebaje.

Na pia anaweza kuivaa Ijumaa. Huwezi kujua. Mwambie umeitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, maana hiyo nayo ni kweli, na ni kweli ambayo hukumpa nafasi ya kuisikia. Mtu anayeweza kukusanya vipande vya saa mbovu akatoa kitu kama kile si mtu wa kudharauliwa. Lakini hilo ataliamua yeye akiwa na habari kamili.

Nilifikiri nikuache uende, kisha mimi niende Kombani kesho kutwa nikaseme kwa niaba yako. Nililipenda wazo hilo kwa nusu saa nzima. Halafu nikaona nitakuwa nimekufanya mwongo aliyeumbuliwa na mama yake, na wewe ukiwa huko huna pa kujitetea. Nikafikiri pia nikae kimya. Hilo nalo nimelifikiri, sikudanganyi. Nilisimama, nikachemsha maji ya chai, nikarudi, nikakaa.

Kisha nikachukua simu nikampigia Mzee Hamadi.

Nilimwamkia, nikamshukuru kwa mapokezi. Nikamwambia kesho asubuhi tukielekea Mombasa tutapita Kombani, na mwanangu ana neno anataka kumwambia kabla hajasafiri. Sikumwambia ni neno gani. Hilo nimekuachia wewe, na ukitaka kushuka ukamuaga tu ukapanda tena, una miguu na una ulimi, siwezi kukusemea. Mimi nitakaa ndani ya gari. Sitashuka na sitakutolea macho.

Kosa la kukupangia bila kukuuliza ni langu, unikasirikie. Ila usinikasirikie kabla ya Kombani.

Mzee alifurahi sana. Alisema huo ndio uungwana, kijana kumkumbuka mkwewe mpaka dakika ya mwisho. Akasema tusihangaike kuingia na gari kwenye ile njia yake yenye mashimo, atatoka mwenyewe atungojee barabarani. Nikamsihi asitoke mapema, asubuhi kuna umande na kifua chake si kizima. Akacheka, akaniambia niondoe wasiwasi: hatatoka mapema wala hatachelewa, kwani sasa ana saa.

Mama yako,
Mejumaa